BAHATI INAKAA WAPI NDANI YA KARATA?



Tangu kufunguliwa kwa masomo nimesikia neno moja tu bwenini kila jioni kura inapokatika na mishumaa inawashwa: "Ule iko na bahati." Hakuna anayesema "ule anacheza vizuri". Mtu akishinda ni bahati, akishindwa ni bahati mbaya, na akishindwa mara tatu kwa jioni moja anaanza kutafuta ni nani amemtupia jicho baya. Kuko hata mdogo mmoja wa mwaka wa kwanza aliyenifuata na kuuliza: "Yaya, ni kweli ukikaa upande wa dirisha karata zinakukatala?" Nilimwambia akae pahali anapenda. Lakini swali lake si la kuchekwa. Wengi wetu tunacheza karata kila juma, na hatujui hata kidogo bahati inaingilia mlango gani.

Wenye kutengeneza gazeti letu wameniomba nieleze jambo hilo kwa sababu niko katika sehemu ya hesabu na fizike, na tena kwa sababu ni mimi kapita ninayenyang'anya karata saa za etude. (Mafungu matatu yako bado ndani ya sanduku langu. Wenyewe wanajijua.)

Kuko sababu nyingine ambayo haichekeshi. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alipewa na wazazi feza za minerval aje alipe. Njiani akasimama pahali watu wanacheza karata tatu kando ya barabara, akafika shuleni mikono mitupu. Jina lake sitaliandika hapa. Yeye naye alisema: "Ni bahati mbaya tu." Nitarudi kwake mbele ya kumaliza, maana kwa habari yake neno hilo linadanganya kuliko pengine popote.

Tuanze na mchezo usiokuwa na bahati, tupate kitu cha kulinganisha. Wazee wengi wa upande wetu, na wa ng'ambo ya mpaka kule Gisenyi, wanajua igisoro. Ubao una mashimo 32, ni kusema safu 4 za mashimo 8, na mbegu 64. Waganda wako na omweso, na watu wa Pwani wako na bao lao la kete 64. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Angalieni vizuri: katika michezo hii hakuna kitu kilichofichwa wala kitu kinachogawiwa kwa kubahatisha. Mbegu zote ziko mbele ya macho ya wote wawili. Ukishindwa na mzee huwezi kusema mbegu zilikukatala. Alihesabu mbali kuliko wewe, basi. Kwa hiyo mtoto anayeanza anaweza kucheza na bingwa wa igisoro mwaka mzima asimshinde hata mara moja. Kwa karata mtoto huyo huyo anaweza kumshinda bingwa leo jioni, tena mbele ya watu, na bingwa akakosa la kusema.

Sasa karata zenyewe. Fungu liko na karata 52, rangi 4 za karata 13. Sisi hapa tunaita rangi hizo keri, karo, pike na trefle, kwa sababu tulizipokea kwa Kifaransa kutoka kwa Wabeleji. Ukifika Dar es Salaam au Mombasa utasikia kopa, uru, shupaza na pau, na hayo ni maneno ya Wareno: copas, ouros, espadas, paus. Hata neno turufu limetoka kwao. Kwa hiyo karata zilizunguka Afrika kwa mashua mbele ya kufika kwetu kwa njia nyingine. Hilo ni pembeni, lakini lilinifurahisha nilipolijua.

Mchezo wetu mkubwa ni Huit Américain. Kwa wageni, sheria za bweni letu ni hizi. Jokeri zinaondolewa. Kila mtu anapewa karata 7. Unatupa karata inayolingana na ile ya juu kwa rangi ao kwa namba. 2 inamwokotesha mwenzako karata mbili. 8 inakwenda juu ya yote na mwenye kuitupa anaita rangi anayotaka. Asiye na cha kutupa anaokota kwenye lundo. Wa kwanza kumaliza ameshinda. Mchezo huu uko na jamaa kubwa: Kampala wanaita matatu, nao wanaanza vile vile na karata 7, lakini 7 ya rangi fulani inaweza kukata mchezo mara moja na watu wakahesabu pointi. Nairobi wanaita kadi, na huko ni sherti useme "niko kadi" mbele ya kumaliza, ukisahau umejiletea shida.

Bahati inaingia kwa mlango wa kwanza wakati wa kugawa. Karata 7 kati ya 52 zinaweza kukutana mkononi mwako kwa namna 133.784.560. Huwezi kuchagua namna gani. Unaweza tu kujua kitu kama hiki: nafasi ya kupata angalau 8 moja kati ya karata zako 7 za kwanza ni karibu mara 45 kwa 100. Basi kila jioni karibu nusu ya wachezaji wanaanza na 8 na zaidi kidogo ya nusu wanaanza bila 8. Yule anayelia "mimi sipewake 8" anasahau tu jioni zile alipewa. Karata mbaya tunazikumbuka kama deni. Karata nzuri tunazila na kusahau, kama ubugali wa jana.

Lakini hapa niko na jambo la kuwaambia ambalo halisemwi bwenini. Sehemu moja ya ile tunayoita bahati ni uvivu wa kuchanganya. Angalieni namna mchezo unavyomalizika. Karata zilizotupwa katikati zimelala kwa vikundi: pike nne pamoja, kisha 5 mbili, kisha karo tano zinafuatana, maana ndiyo sheria ya mchezo, kila mtu anafuata rangi ya mwenzake. Sasa mtu anazikusanya, anazichanganya mara mbili haraka haraka, anagawa. Wengine wanagawa hata tatu tatu kwa mkupuo! Matokeo yake mmoja anapata karo tano mkononi, mwingine hana karo hata moja, na wote wanatazama juu kama vile mbingu ndizo zilizogawa.

Wataalamu wawili wa hesabu, Dave Bayer na Persi Diaconis, waliandika juu ya jambo hili mwaka 1992. Waliangalia uchanganyaji ule wa kugawanya fungu nusu kwa nusu na kuzifumanisha karata kwa vidole gumba, trrrr. Walionyesha kwamba fungu la karata 52 linahitaji karibu mara 7 za namna hiyo mpaka mpango wa zamani upotee kabisa. Mara mbili ao tatu hazitoshi. Na uchanganyaji wetu wa kuhamisha vifungu kutoka mkono mmoja mpaka mwingine ni dhaifu zaidi, unahitaji mara nyingi sana. Hesabu ya mipango yote ambayo karata 52 zinaweza kujipanga ni namba yenye tarakimu 68, inayoanza na 8. Fungu mlilochanganya sawasawa usiku wa leo, yaelekea kabisa halijapata kujipanga vile kwa mkono wa mtu yeyote tangu karata kutengenezwa. Mtu akisema basi kwamba karata "zinamjua" na zinamfuata, mwambie achanganye mara saba kwanza.

Mlango wa pili ni lundo, pale unapookota bila kujua. Hapo pia ni bahati ya kweli.

Watu wanaongeza mlango wa tatu, lakini mimi naukataa. Wanasema: "Sikuwa na bahati, mwenzangu alikuwa na pike." Ile si bahati. Karata zilikuwa tayari mkononi mwake, zimekwisha kukaa pale. Ni wewe hukujua. Kutojua na bahati ni vitu viwili, na tofauti yao ni kubwa kwa sababu kutojua kunapunguzwa na akili, bahati haipunguzwi.

Chukueni mfano. Mko wawili. Karata 20 zimekwisha kutupwa. Uko na karata 3, mwenzako 2, na lundo liko na 27. Jumla 52. Katika zile 20 uliona pike 9 zikipita, na 8 zote nne, na 5 zote isipokuwa 5 ya pike ambayo iko mkononi mwako. Unataka kuitupa. Je, mwenzako atajibu? Pike ni 13: tisa zimepita, moja ni yako, zinabaki tatu, na ziko mahali fulani katika karata 29 usizoziona. Nafasi kwamba karata zake mbili zote hazina pike ni karibu mara 80 kwa 100. Tupa bila woga! Mara 20 kwa 100 atakujibu, na pale utakuwa na haki ya kusema bahati mbaya. Yule asiyehesabu pike anatupa karata yoyote na kusema neno hilo hilo, lakini hana haki ile ile.

Najua wengine watasema: kapita, nani anaweza kuhesabu vyote hivyo na mshumaa unaisha? Si lazima vyote. Anza na 8 tu. Ziko nne. Mtoto wa shule anaweza kuhesabu mpaka nne.

Basi ni nani anashinda, mwenye bahati ao mwenye akili? Inategemea mnacheza mara ngapi. Tuseme mchezaji hodari anamzidi mwenzake kidogo, na katika kila mchezo nafasi yake ni 55 kwa 100. Wakicheza mara moja, yule dhaifu anashinda mara 45 kwa 100, na tazama, anatembea shule nzima akijisifu. Wakicheza michezo mitatu, hodari anashinda mingi zaidi kwa nafasi ya karibu 57 tu. Tofauti haionekani. Wakicheza michezo 101, nafasi ya hodari kuwa mbele mwishoni ni karibu 84 kwa 100. Bahati inapita huku na huku na kujilipa yenyewe; kale kauzito kadogo ka akili kanakaa upande mmoja tu. Kwa hiyo ugomvi wa juma lililopita, nani ni bingwa wa bweni la pili, hauwezi kumalizwa na mchezo mmoja wa "fainali" kama mlivyofanya. Wekeni daftari, mwandike muhula mzima.

Wenzangu wa mwaka wa sita wanaotumaini kubahatisha kwenye Egzeta nao wafanye hesabu hiyo hiyo. Maswali 20, kila moja majibu 5, mwenye kujaza bila kujua anapata kwa wastani 4. Kupata 10 ao zaidi ni pungufu ya mara 3 kwa 1000. Swali moja unaweza kulibahatisha. Ishirini haziwezi.

Hesabu hizi zote zina historia, na wenye kusoma Pascal katika Kifaransa watafurahi. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua juu ya swali la wachezaji. Nitalitia katika maisha yetu. Wanafunzi wawili wanaweka mandazi 4 kila mmoja, jumla 8. Wa kwanza kushinda michezo 3 anakula yote. Mmoja ameshinda 2, mwingine 1, halafu kengele ya etude inalia na kapita anafika. Wagawane namna gani? Wengi wenu mlisema: kwa kuwa ni 2 kwa 1, wa kwanza achukue zaidi kidogo ya 5. Pascal anafikiri vingine. Haangalii kilichopita, anaangalia kilichobaki. Kama mchezo ungeendelea na wa kwanza akashinda, angechukua 8. Kama angeshindwa, wangekuwa 2 kwa 2, na kila mmoja achukue 4. Kwa hiyo zile 4 ni zake kwa vyovyote. Zile 4 nyingine ni nusu kwa nusu. Anachukua 6, mwenzake 2. Kutoka barua hizo ndipo hesabu ya bahati ilianza kusimama kama elimu. (Na mandazi yanyang'anywe yote, sheria ya bwenini inajulikana.)

Kuko wanaouliza kama kugusa karata ni dhambi kwa kuwa ni mambo ya bahati. Kura inapatikana hata katika Biblia: Matendo 1 inaeleza namna Matiya alivyochaguliwa kwa kura. Zaidi ya hapo waulizeni wachungaji, mimi ni kapita tu.

Sasa nafikia ile sehemu niliyoipenda zaidi. Karata zote nilizosema mpaka hapa ni za fungu moja la wote. Hakuna anayechagua ndani kuna nini. Lakini mwaka 2008 Mmarekani mmoja, Donald X. Vaccarino, alitoa mchezo unaoitwa Dominion, na mwaka 2009 ukapata zawadi kubwa ya michezo kule Ujerumani, Spiel des Jahres. Ndani yake kila mchezaji anajijengea fungu lake mwenyewe wakati wa kucheza. Sisi hatukuwa na fungu la dukani. Tulikata katoni za biskuti, tukaandika kwa kalamu, na kwa majina tukasema Shaba, Feza, Zahabu, Shamba, Jimbo. (Shaba ilikuwa pia jina la Katanga kutoka 1971 mpaka 1997, watu wa jeografia wasituchanganye.)

Unaanza na karata 10 zako: Shaba 7, kila moja ina nguvu ya kununua 1, na Shamba 3 ambazo hazinunui kitu, zinahesabiwa pointi 1 moja tu mwishoni. Unachanganya, unachukua 5. Unanunua karata moja katikati ya meza, inaingia katika zako zilizotupwa. Unatupa zote, unachukua 5 nyingine. Lundo likiisha, unachanganya zile ulizotupa pamoja na mpya ulizonunua, unaanza tena. Hivyo kitu ulichonunua asubuhi kitakurudia mkononi mangaribi.

Angalieni bahati ya mwanzo. Mara mbili za kwanza unatumia karata zako 10 zote, 5 kisha 5. Shaba 7 zinagawanyika 4 na 3, ao 5 na 2. Kuko namna 252 za kuchukua karata 5 kati ya 10. Katika hizo, 210 zinakupa 4 na 3, na 42 zinakupa 5 na 2. Ni kusema mara 5 kwa 6 utakuwa kama wengine, na mara 1 kwa 6 utaweza kununua kitu cha bei 5 mara moja mwanzoni, ambacho wengine hawakifikii. Bahati iko pale, hakuna anayekana.

Lakini baadaye? Tufanye wastani. Karata 10 zenye nguvu 7: kila karata inaleta 0,7, na mkono wa karata 5 unaleta 3,5. Tuseme umenunua Feza 2, kila moja bei yake 3 na nguvu yake 2. Sasa uko na nguvu 11 katika karata 12, mkono unaleta karibu 4,6. Vizuri. Lakini kuko karata zinazokuruhusu kuondoa nyingine katika fungu lako. Ondoa Shamba 3. Nguvu ni 11 katika karata 9, na mkono unaleta 6,1! Hukuongeza kitu, ulipunguza tu. Wadogo waliocheza nasi mara ya kwanza walinunua kila kitu chenye picha nzuri, mafungu yao yakanenepa kama mfuko wa mihogo, na ile karata moja nzuri ikapotea ndani isionekane tena. Kisha wakasema nini? "Haina bahati ile karata yangu, haitokake."

Kuko jambo jingine. Fungu si kama dadu. Dadu haikumbuki kitu. Ukipata 6 mara tatu, mara ya nne ni sawa na mara ya kwanza. Lakini katika fungu lako kila karata inatoka mara moja tu mbele ya kuchanganya tena. Zile mbaya zikitoka kwanza, jua kwamba zilizobaki ndani ni nzuri. Na fungu dogo la karata 9 linazunguka upesi, kwa mara mbili umekwisha kuziona zote, kwa hiyo bahati mbaya haina nafasi ya kukaa muda mrefu. Fungu la karata 30 linaweza kukuficha Zahabu yako zamu sita.

Tena mchezo una mtego wake. Ushindi unahesabiwa hasa kwa Jimbo, bei yake 8, pointi 6. Lakini Jimbo halinunui kitu, kama Shamba. Kila unaponunua Jimbo unajitia uchafu katika fungu lako, na mkono wako unadhoofika. Anayekimbilia Jimbo mapema anakwama. Anayechelewa anakuta yameisha. Ni wakati gani sawa? Tunabishana mpaka leo.

Nilipocheza Dominion niliona swali ambalo mbele sikuliuliza kwa karata za namna yoyote: ni nani aliyejenga fungu? Katika Huit Américain ni la wote, hakuna mwenye kulijenga kwa faida yake. Katika Dominion nalijenga mwenyewe, na bahati ninayopata ni ile ya fungu nililojenga. Sasa turudi barabarani, kwa mwenzetu wa minerval.

Karata tatu, Wafaransa wanaita bonneteau. Mtu ana karata tatu juu ya katoni, moja ni dama nyekundu. Anaionyesha, anazizungusha, unaweka feza ukionyesha ilipo. Ukipata, analipa mara mbili. Mwenzetu alifikiri: karata tatu, moja ni nzuri, na mimi niko na macho. Hata tukisema mchezo ni safi na unabahatisha tu, ungepata mara 1 kwa 3. Unaweka 5.000, mara moja unapata 5.000, mara mbili unapoteza 5.000 na 5.000. Kwa michezo mitatu umebaki nyuma 5.000. Mchezo safi tayari ni mbaya.

Lakini si safi. Mwenye katoni anashika karata mbili katika mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na anapotupa chini wewe unaamini anatupa ile ya chini, kumbe vidole vimeachia ya juu. Macho yako yanafuata karata isiyo yake tangu mwanzo. Na yule mama aliyeshinda 20.000 mbele yako? Na yule kijana aliyekunja pembe ya dama kwa siri na kukukonyeza? Ni watu wake. Pembe iliyokunjwa inanyooshwa na nyingine inakunjwa. Na yule aliyepiga kelele "polisi!" wakati ulipoanza kubisha, naye ni wa kundi. Hapo hakuna 1 kwa 3. Nafasi ni ile ambayo mwenye katoni anataka kukupa, na mara nyingi anakupa kidogo mwanzoni, 2.000 ao 3.000, kusudi utoe zile kubwa zilizo ndani ya soksi. Mwenzetu hakukosa bahati siku ile. Bahati haikuwapo pale barabarani, ya mbaya wala ya nzuri. Ni kwa sababu hiyo nataka tuache kumcheka bwenini, na tuache pia kumwambia eti angeenda siku nyingine.

Tikiti za mpira nazo zinasumbua wengi wa mwaka wa nne na wa tano. Sitazungumza sana. Mnaandika mechi 6 kwenye karatasi moja, sherti zote zitoke. Kama kila moja ni nusu kwa nusu, zote sita ni mara 1 kwa 64. Mechi 10 ni mara 1 kwa 1.024. "Ilibaki mechi moja tu!" mnasema kila Jumapili. Ndiyo, karatasi ndefu imetengenezwa ibaki mechi moja. Na anayepanga malipo amehesabu mbele yenu na kujiwekea sehemu yake kwanza. Fungu ni lake.

Kwa wale wanaotaka kujifunza mchezo wa kujijengea fungu: njooni refektwari Jumamosi nyuma ya kazi ya mikono. Katoni tuko nazo, kuleteni mikasi na kalamu ya rangi. Wasichana wa bweni la ng'ambo wameomba meza yao, imekubaliwa, mlezi atakuwapo. Tutaandika matokeo katika daftari kuanzia siku hiyo mpaka mwisho wa muhula. Hakuna kuweka feza wala mandazi. Na wenye mafungu matatu yaliyo katika sanduku langu wanaweza kuja kuyachukua siku hiyo hiyo, wakionyesha kwanza kwamba wanajua kuchanganya.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita